Abiria wa Mgunda Mkali

Zamda hakuwahi kupanda pikipiki bila kusema bismillahi, na akisahau alishuka akapanda upya. Siku ile, katika kijiji kilichohamwa mashariki ya Tura, alipanda kimya. Mabruki alihisi mikono ya mkewe ikimzunguka kiunoni, akadhani joto limemchosha. Akapiga kiki, akatia gia, akaondoka.

Ilikuwa Oktoba, mwaka wa sabini na tano. Mabruki alikuwa fundi wa pikipiki mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Pikipiki yenyewe, ya Kijerumani, kubwa, yenye silinda mbili zilizotokeza ubavuni kama masikio, aliachiwa na padri mmoja mzee aliyerudi kwao. Aliihangaikia miaka miwili mpaka ikanguruma. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kwa miguu hadi Bagamoyo, miezi mitatu njiani. Mabruki alitaka kuipita njia ileile kwa siku nne, na mkewe nyuma yake, aione bahari kisha arudi. Hakuwa na shughuli nyingine huko. Zamda alimcheka, akamwacha mtoto wao Tatu kwa bibi yake, akajitanda kanga aliyoichagua makusudi: MWENDA POLE HAJIKWAI.

Kijiji kile kilikuwa kitupu. Mwaka uliotangulia watu wake walihamishiwa Tura wakati wa Operesheni Vijiji, wakaacha vinu vimesimama nyuani na moshi wa zamani ukutani. Mabruki na Zamda walisimama hapo adhuhuri injini ipoe. Zamda alichukua dumu akaenda nyuma ya nyumba kutafuta kisima, na Mabruki akabaki akikaza kamba za mizigo. Alipomaliza akapanda, ndipo ile mikono ikamshika kiunoni.

Mbele yao ilikuwa Mgunda Mkali, nyika ambayo misafara ya zamani iliogopa kuliko simba, kwa sababu ya kiu.

"Maji," ilisema sauti ya Zamda nyuma yake.

Mabruki alimpa chupa iliyokuwa ikining'inia kwenye usukani. Akamsikia akigugumia, hata juu ya mngurumo wa injini, pumzi moja bila kutua. Chupa ikarudi tupu.

"Kwani kisimani hukupata?"

"Maji."

Kulikuwa na harufu pia, harufu ya chungu kilichosahauliwa jikoni kikaungua bila maji. Mabruki alidhani ni klachi. Kisha wakapita shimo kubwa, na springi za nyuma hazikulia. Yeye ni fundi, alijua springi zile zinavyolia Zamda akiwa juu yake. Akatazama kioo cha pembeni. Aliona bega la mkewe na kanga ikipepea, akasoma vizuri kabisa: MWENDA POLE HAJIKWAI. Moyo ukatulia.

Walikuwa wamekwenda kama maili ishirini na tano walipopishana na lori. Mabruki alilitazama kwenye kioo likitokomea katika vumbi, akaona namba zake za nyuma zimegeuka, herufi zote kinyume, kama kioo kinavyogeuza kila kitu tangu vioo viumbwe.

Akarudisha macho kwenye kanga. MWENDA POLE HAJIKWAI, kushoto kwenda kulia, wazi kama imeandikwa ubaoni.

Hakupiga kelele, maana ile mikono ilikuwa bado kiunoni mwake, imetulia, baridi kupita shati, na alijua kwamba Zamda, mama wa mtoto wake, yuko nyuma maili ishirini na tano peke yake katika kijiji kisicho na mtu, na kwamba akisimama hapa kilichopo nyuma yake kitashuka kumtazama usoni.

"Mama Tatu," alisema, akijikaza sauti isitetemeke, "nimesahau dumu kule kisimani. Turudi, unywe ushibe."

Mikono ikamkaza kiunoni.

"Pwani ni huko mbele, bwana."

Zamda hakuwahi kumwita bwana. Alimwita Baba Tatu.

"Tutafika. Kunywa kwanza."

Mikono ikalegea kidogo. Mabruki akageuza, akaiachia pikipiki mbio kwenye mchanga na mawe, jua likimchoma kisogo na baridi ikimtafuna mgongo, asithubutu tena kutazama kioo, akisoma kila aya aliyofundishwa chuoni na kuzichanganya zote, na kila aliponyamaza kuvuta pumzi alisikia sikioni mwake kinywa kikisoma pamoja naye, polepole, kama mtu anayejifunza.

Zamda alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kivulini, wala hakuwa na wasiwasi.

"Baba Tatu! Umetokea wapi huko? Si umekwenda nyuma ya nyumba sasa hivi?"

Mabruki aligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

"Nani amekwenda nyuma ya nyumba?" alinong'ona.

"Wewe. Tumekaa hapa tangu adhuhuri, unasema injini haijapoa."

"Hukusikia nikiondoka?"

"Uondoke vipi, na wewe upo?" Alipouona uso wa mumewe, naye akashusha sauti. "Ulikuwa unaomba maji tu. Kisima kikavu, nikakupa yaliyobaki kwenye dumu. Umeyamaliza yote."

Nyuma ya nyumba mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha Mabruki mwenyewe, alichokijua kutoka ndani ya kifua chake. Kisha nyayo, zikiburuta, zikija.

"Panda," alisema Mabruki.

"Bismillahi," akasema Zamda, akapanda, na springi zikalia. Mabruki akatazama kioo. Herufi za kanga zilikuwa kinyume. Aliendesha akilia mpaka Tura.

Huko walielekezwa kwa Bibi Minza, mkongwe aliyehamishwa kutoka kijiji kile.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmewaona." Hakuuliza. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Ni mpagazi na mkewe," alisema. "Msafara uliwaacha kisimani enzi za babu zetu, mwaka ambao kisima kilikauka. Kila adhuhuri tulikuwa tunawamwagia kata mbili za maji, ya mume na ya mke. Siku ya Operesheni tulipewa asubuhi moja tu ya kufunga mizigo. Wao nani angewaaga?"

"Mbona walichukua sura zetu?" Zamda aliuliza.

"Mlikuwa mume na mke, mnakwenda pwani. Na wao walikuwa wanakwenda pwani." Akatazama pikipiki pale nje. "Wamekunywa maji ya mikono yenu. Popote mtakapokwenda watapanda. Lazima wanyweshwe kwao, waombwe walale."

Kesho yake wakapakizana watatu, madumu yamefungwa ubavuni. Kisimani Bibi Minza alimwaga kata ya kwanza. Maji hayakusikika yakigonga mawe. Yalikatika katikati, kama yaliyoangukia kooni. Akamwaga ya pili. Kisha akawasemesha kwa Kinyamwezi, kwa upole, kama anayebembeleza watoto wagonjwa.

Halafu kutoka chini ikapanda sauti ya Mabruki, nzito, imechoka:

"Na kesho nani ataleta?"

Bibi Minza akaweka kidole mdomoni, akitikisa kichwa kwa nguvu. Mabruki akafunga midomo. Lakini Zamda alikuwa amekaa mchana mzima na sauti ile, na mdomo wake ukaijibu kabla ya akili, kama mke anavyoitika akiitwa.

"Sisi, Baba Tatu."

Hawakuiona bahari. Mabruki alifungua karakana ndogo karibu na stesheni ya Tura, Tatu akaletwa kwa treni, na kila adhuhuri mume na mke walikwenda kisimani na madumu mawili. Petroli ilipoadimika walikwenda kwa baiskeli.

Walikosa siku moja tu, masika, maji yalipofunga njia. Walikuwa ndani, wamekaa kimya wakisikiliza mvua, Tatu alipoingia mbio kutoka barazani, akasimama, akawatazama mmoja mmoja.

"Mama," akasema, "wewe na baba mko nje. Mnaomba maji."