Wifi Yangu Alivyomtembeza Mama kwa Mdomo

"Mama anatembea! Kiti cha magurudumu cha nini?"

Jamani... nilidhani masikio yananidanganya!

Aliesema hayo ni wifi yangu Dalal, mke wa kaka yangu. Alikuwa anamwambia Bi Fathiya, afisa wa bima ya afya, aliekuja nyumbani kwetu mtaa wa Malindi kumwona mama ili bima imlipie kiti.

Mama yangu, Bi Zeyana, tangu apigwe na kiharusi hasimami. Hata jua la barazani halioni tena.

Lakini siku hiyo Dalal kamkalisha kwenye kochi, kamvisha kanga mpya, kamfukiza udi... mgonjwa kawa kama biharusi!

"Kweli, Bi Zeyana, unatembea?"

Mama akainamisha kichwa. "Naam, mwanangu... alhamdulillahi."

Nikafungua mdomo. Dalal akanikanyaga mguu!

Bi Fathiya akaaga, na kiti kikaenda zake.

"Mama, kwa nini?"

"Dalal kasema watu wakijua nyumba ina kiwete, posa ya Nada itavunjika."

Nada ni binti yake Dalal. Na ndie anaembeba bibi yake kumpeleka chooni, maana huyo mama mtu hina yake haitaki kuguswa na mgonjwa. Mxiuu!

Siku ya wageni wa posa ikafika. Dalal kaamuru mama apandishwe ghorofani, na mlango wa chumba mwenyewe kautia komeo kwa nje. Kwa nje, jamani! Mtu asiesimama anafungiwa asikimbie! Akili hizo.

Hodi ikapigwa, nikafungua mlango wa chini... nani kaongoza wageni?

Bi Fathiya! Kumbe ni shangazi yake kijana anaemposa Nada!

Dalal akaanza kutoka jasho.

"Bi Dalal, yule mama anaetembea yuko wapi? Nataka kumwamkia."

"Ka... katoka. Kenda kutembea mtaa wa Mpendae."

Mara tukasikia miguu mizito kwenye ngazi. Nada huyo anashuka, bibi yake mgongoni!

"Bibi hajenda popote. Posa ya kumficha bibi yangu mie siitaki!"

Mama analia, Nada analia.

Bi Fathiya akafuta machozi. "Mama yake kijana yuko nje, kwenye kiti cha magurudumu. Kizingiti chenu kirefu, tunangoja wanaume wamnyanyue. Mke tunaemtaka ndie huyu. Na mgonjwa wenu atakuja kuonwa upya na mwenzangu wa bima, sio mie, maana sasa tunakuwa jamaa."

Kiti cha mama kikaja kabla ya harusi. Na siku ya harusi, nani alimsukuma mama ukumbini, meno yote nje, simu zikimpiga picha?

Dalal!

Nikamnong'oneza: "Wifi, si anatembea huyu?"

Akanisonya.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wangu hata kifo hakukingoja, kaumbuliwa na mwanawe wa kumzaa. Na nyie wenzake mnaosoma hapa, mliowafungia wazee wenu juu ili mpate sifa za watu... aibu ya nyumba si mguu wa mama. Aibu ya nyumba ni nyie.