Sabuni Haizibi Boksi la Usukani

Kila asubuhi, kabla ya chai, Floribert Mwenya alilisalimia lori lake. Alilizunguka, akapiga teke kila tairi, akafungua boneti, akachungulia. Majirani zake wa mtaa wa Naviundu walimcheka. Walisema mke wa kwanza wa Floribert ni lori, na Victorine ni mke wa pili. Floribert hakukasirika. Lori lile lilinunuliwa na baba yake, siku alipomaliza kazi ya reli na kulipwa haki zake. Baba alikufa, lori likabaki. Kwa lori hilo Floribert alileta unga wa mahindi kutoka Mokambo, mpakani. Victorine aliuuza sokoni, na watoto wao, Léa na wadogo zake, wakasoma.

Lakini lori lilikuwa na ugonjwa. Mafuta yalidondoka chini ya boksi la usukani. Madereva wa Lubumbashi huliita boksi hilo boîtier. Dereva akizungusha usukani, boksi ndilo linalogeuza matairi ya mbele. Pampu hulisukumia mafuta kwa nguvu, na nguvu hiyo humsaidia dereva kugeuza lori zito. Mafuta yakiisha, msaada nao umekwisha.

Floribert alikuwa na dawa yake. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakifinyanga mpaka kikalainika, akakibandika palipolowa. Dawa hiyo wanaijua madereva wote wa njia ya Mokambo. Tangi la mazout, yaani dizeli, likitoboka njiani, sabuni hulifikisha nyumbani.

"Kama inaponesha tangi," alisema, "itaponesha na boîtier."

Sabuni iliposhindwa, alimimina mafuta ya breki kwenye usukani. Rafiki mmoja alimwambia kwamba mafuta hayo huzuia uvujaji. Kwa wiki moja boksi lilikauka, na Floribert akatembea kifua mbele. Wiki ya pili likavuja mara mbili ya zamani.

Jumatatu moja walikuwa wanarudi na mzigo wa unga. Victorine alikaa kando ya mumewe. Kwenye kona, karibu na nyumbani, pampu ililia. Usukani ukawa mgumu ghafla. Mbele yao wanafunzi walikuwa wanatoka shule. Floribert alikanyaga breki na kuvuta usukani kwa mikono miwili. Victorine naye akaukamata, wakavuta pamoja. Lori lilisimama tairi moja likiwa mtaroni. Watoto walikuwa wamekimbia huku na huku, na hakuna aliyeumia.

Lori lilitolewa mtaroni na kufikishwa nyumbani polepole, na Victorine akashuka. Ndipo akasema:

"Papa Léa, mi siingie tena mu hii camion. Na batoto bangu habatapanda. Utaitengeneza ya kweli, ao tutaiuzisha mu mitraille. Samedi Hénoc atapita. Nilisha kumwita."

Camion ni lori, na mitraille ni chuma chakavu. Hénoc, aliyeitwa aje Jumamosi, alikata magari mabovu vipande vipande na kuyanunua kwa kilo.

"Camion ya papa yangu, kwa kilo?" Floribert aliuliza.

"Papa yako alikuwa anataka bajukuu, ao alikuwa anataka bichuma?"

Floribert aliinama, akachungulia tena chini ya boksi.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Alima. Wazee wake walitoka Maniema. Yeye alifanya kazi katika karakana ya kutengeneza mashine za mgodi, zile zinazonyanyua mawe kwa nguvu ya mafuta. Kwa miaka kumi na tano alikuwa anapambana na uvujaji. Floribert alijua hayo vizuri. Lakini kwenda kuuliza jirani namna ya kutibu lori la baba yake! Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Alhamisi asubuhi alimeza kiburi chake, akabisha hodi kwa Alima.

Alima alikuwa kwenye mapumziko ya kazi. Alivaa ovaroli yake ya buluu, akalala chini ya lori. Akagusa ute mweupe wa sabuni, akaunusa, akacheka.

"Papa Léa, camion ilikulomba kuoga?"

"Ile njo dawa ya tangi, Mama Alima."

"Mu tangi, ndiyo. Mazout inalala tu mule, hakuna kintu inaisukuma. Lakini hapa pompe inasukuma huile na nguvu mingi. Sabuni itafanya nini? Na hii huile ya frein njo mubaya zaidi. Inavimbisha bajoint, kiisha inabaoza."

Huile ya frein ni mafuta ya breki, na joint ni pete ya mpira. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke pale chuma kinapozunguka.

"Basi camion yangu iko ya kufa?" Floribert aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Iko ya kupona. Ila tufuate njia yake, tusiruke kitu."

Kwanza Alima aliagiza boksi lioshwe kwa mazout na brashi, likaushwe kabisa. Kisha Floribert aliwasha injini na kugeuza usukani, naye Alima akatazama kwa tochi. "Usikisie mahali inavuja," alisema. "Uione na macho yako." Waliona. Mafuta yalitoka chini, pale mkono wa chuma unaposhika mhimili wa boksi.

Walinyoosha matairi ya mbele. Waliweka magogo kwenye matairi ya nyuma ili lori lisitembee. Floribert akakimbilia nyundo.

"Weka nyundo chini," Alima alisema. "Ukipiga hapa, utavunja na kile kizima. Tuko na extracteur."

Hicho ni chombo cha kuchomolea chuma kilichokaza. Unakaza skrubu yake polepole, na mkono wa chuma unatoka bila kupigwa. Kabla ya kuuvuta, Alima alichora mstari mmoja juu ya mkono na mhimili. "Wakati wa kurudisha, mistari ikutane. Bila ivyo, volant itapinda na camion itakwenda upande," alisema, akionyesha usukani.

Walilishusha boksi watu wawili, maana lilikuwa zito. Alima akaomba meza safi na kitambaa safi.

"Drap yangu ya sikukuu?" Victorine alilalamika. Hata hivyo aliitandika shuka yake.

"Mama Léa, kachanga kamoja tu kanaharibu yote," Alima alimwambia.

Alifungua boksi taratibu. Kila kipande alikipanga kwenye kitambaa kwa zamu yake ya kutoka. Pete za mpira zilikuwa zimelainika na kupasuka. Kisha alipitisha ukucha juu ya mhimili. "Ukucha ikikwama mu mukwaruzo, mhimili hauna kazi tena, ununue mwingine. Hii haikwame. Tutaisugua kidogo na karatasi laini ya msasa."

Ijumaa asubuhi Alima alikwenda mjini kutafuta pete mpya, seti nzima. Alimwonya Floribert kabla ya kuondoka:

"Hii vis kubwa usiigeuze. Ndani iko gololi makumi mbili na sita. Vis ikifika mwisho, zote zinatoka."

Mwenye lori hawezi kukaa mbele ya lori lake bila kuligusa. Floribert alitaka tu kuona jinsi skrubu ile inavyoteleza. Akaigeuza kidogo, kisha kidogo tena. Gololi zikamwagika mezani, zikaruka chini, zikapotelea kwenye vumbi la uwanja.

Alipiga magoti, akaokota. Akahesabu ishirini na tano. Akahesabu tena, zikawa zile zile. Alima aliporudi, Floribert hakuficha neno.

"Ni miye. Nilikosa. Moja haiko."

Alima alimwona anaitazama baiskeli iliyoegemea ukuta. "Ikikosa moja, volant itakwama siku moja. Na usilete ya vélo. Hizi zote ziko saizi moja, zilizaliwa pamoja."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya Hénoc. Floribert aliona lori la baba yake limeshakuwa vipande, na mikono yake mwenyewe ndiyo iliyolimaliza. Aliona uchungu mwingi.

Victorine alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunyamaza, kwa sababu lori likiuzwa, hofu yake ingeisha. Alimtazama mumewe aliyepiga magoti. Akaingia ndani, akatoka na ufagio na chekecheo lake la unga.

"Mutoke hapa wote," alisema. "Munakanyaga."

Alifagia uwanja kutoka ukutani hadi mezani. Akakusanya vumbi lote, akalichekecha kidogo kidogo, kama anavyochekecha unga kila siku. Hakuwa na haraka. Mawe madogo alibakiza pembeni, akayageuza kwa kidole. Jua lilikuwa limeanza kushuka kidogo aliposikia kitu kikigonga ukingo wa chekecheo.

"Hii hapa."

Floribert alimshika mkono uliojaa vumbi, hakuuachia upesi. Alijivunia mke wake kuliko siku ya harusi yao, na akamwambia hivyo mbele ya Alima. Victorine akamwambia aache maneno, akaoshe gololi.

Waliosha kila kipande na kukikausha. Alima alirudisha gololi moja moja, akizishikilia kwa grisi. Aliviringisha utepe mwembamba juu ya meno ya mhimili, ili meno yasikate pete mpya. Pete aliipaka mafuta na kuisukuma sawasawa pande zote, kisha akautoa utepe. Floribert alirudisha boksi mahali pake, na mistari ikakutana. Alima alikaza kila nati kwa kipimo. "Hii kazi, Papa Léa, usiifanye peke yako bila mutu anayeijua," alisema. "Volant ni uzima wa bantu."

Waliosha mipira inayopitisha mafuta na tangi la mafuta ya usukani ili mafuta ya breki yaishe. Wakajaza mafuta yanayotakiwa, yale yaliyoandikwa kwenye kitabu cha lori. Waliinua matairi ya mbele na kuyasimamisha juu ya vyuma imara. Floribert aligeuza usukani polepole, kulia na kushoto, kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha imewashwa. Alima aliongeza mafuta kila yaliposhuka, mpaka mapovu yakaisha. Mwishoni waliweka karatasi nyeupe chini ya boksi, wakaenda kupumzika.

Jumamosi asubuhi Hénoc alifika na mizani yake na mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Victorine alimwambia asubiri. Alipiga magoti kwanza, akavuta karatasi ile. Ilikuwa kavu. Akapanda mwenyewe kwenye kiti cha dereva. Injini ikiwaka na lori limesimama, akageuza usukani kushoto, akageuza kulia. Ulizunguka laini. Floribert alisimama chini, akitazama matairi ya mbele yanavyogeuka.

Victorine akachungulia dirishani.

"Papa Hénoc, utatusamehe. Hapa tuko na camion. Mitraille utatafuta kwingine."

Floribert alilijaribu lori kwanza kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo mdogo. Akalala chini kutazama, akakuta pakavu. Jumatano yeye na Victorine wakaenda Mokambo. Madereva wenzake waliona usukani wake unavyotii, wakamuuliza nani aliutengeneza. Zamani angejipiga kifua.

"Mama Alima njo alinifundisha," alijibu. "Bibi yangu Victorine aliokoa kazi. Miye nilitoa mikono. Na sabuni, bandugu, muachie tangi."

Walirudi na mifuko ya unga. Barabara ilikuwa na mashimo, na Floribert aliyakwepa moja moja. Alitaka kumuuliza Victorine kama anaogopa. Alipogeuka, alimkuta amelala, kichwa kimeegemea mlango, mdomo wazi kidogo. Katika miaka yake yote ya udereva, hakuna mtu aliyewahi kumpa sifa kubwa kama ile. Hakumwamsha mpaka nyumbani.