Ndani ya Uzio wa Korongo Hakuna Kusema

— Shemeji, hapa hakuna anayekula bila kufanya kazi, mpishi alimwambia mwanamke mgeni huku akimpokea begi. — Mumeo naye ni hivyohivyo. Mshahara wetu sahani.

— Sikuja kula. Nimekuja kumchukua mume wangu.

Mpishi akacheka. Kisha akamtazama mgeni usoni, kicheko kikamkauka.

— Basi yuko kule. Mmoja wa wale watatu.

Nyuma ya uzio wa matete walisimama watu watatu, wamevaa makanzu ya kijivu na kujifunika nyuso. Kila mmoja alikuwa amevaa mkononi kichwa cha korongo kilichoshonwa kwa kitambaa. Walikuwa wakiviinamisha vichwa hivyo kwenye maji, kuwaonyesha vifaranga namna ya kuokota chakula. Mgeni, fundi cherehani, alikodoa macho mpaka yakamuuma. Alikuwa ameolewa na mmoja wa wale watu, na hakumjua ni yupi.

— Niitie basi.

— Thubutu! Humo ndani hakuna kusema. Hawa vifaranga wameokotwa bila mama. Kifaranga akizoea sauti ya mtu, akikua atawafuata watu, nao watamfanya kitoweo. Hata chafya tunakimbilia kuipigia nje. Mumeo ndiye hodari wetu, tumempa jina la Bubu.

Mpishi alidhani amesifia.

Huko nyumbani mwanamume huyo alikuwa fundi friji, mtu wa maneno machache tangu ujana. Walipomzika binti yao, aliaga kwamba anakwenda kujitolea kidogo kwenye mradi wa kulea korongo, porini, kusiko na umeme. Hicho kidogo kikazidi kurefuka. Simu zake zikawa za kubahatisha, kwa kuwa mtandao ulishika juu ya mnara wa tangi la maji tu.

Ni huko juu mkewe alikopanda mchana ule, na ujumbe wa kaka yake ukaingia: "Ukirudi peke yako, tunakuja kuhamisha vyombo vyako. Ndoa gani hii ya mtu mmoja?"

Akaandika: "Nipe hadi kesho kaka. Gari la unga linarudi asubuhi."

Jioni watu wa kanzu wakavua, na mmoja wao akaja kuketi mbele yake na sahani yake. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo.

— Umekuja.

— Nimekuja. Kesho tunaondoka wote.

— Siwezi, mama.

— Huwezi au hutaki?

Akala kwanza. Mkewe akamsubiri ameze.

— Huku kukaa kimya ni kazi. Watu wananishukuru kwa kukaa kimya.

Mkewe akaweka kijiko chini. Alijua jambo hilo lingefika, alikuwa ameliogopa njia nzima. Siku ile hospitali waliambiwa wasubiri kwenye benchi, naye mume akasubiri kama alivyoambiwa, mtoto mapajani, mpaka mwili wa mtoto ukapoa. Makaburini mkewe alimwambia mbele ya watu: "Baba gani wewe usiyejua hata kupiga kelele?"

— Nilisema kwa uchungu, baba. Siku ile ningemtukana hata mama yangu.

— Najua.

— Basi nisamehe tuondoke.

— Nilishakusamehe. Tatizo ni kwamba ulisema kweli. Ningepiga kelele, angepona.

— Nani kakwambia?

— Wewe.

Mume akachukua sahani zote mbili, akaenda kuziosha.

Mpishi, ambaye alikuwa amesikia na kujifanya hajasikia, akaleta kanzu moja iliyochanika.

— Shemeji, umeshakula. Sasa kazi. Wanasema wewe ni fundi.

— Hii kamba ya shingoni imekatika.

— Tengeneza utakavyo. Ni ya Bubu.

Mke aling'ang'ania kanzu ile kana kwamba imemshika mkono. Katika pochi yake kulikuwa na sindano, uzi na vifungo vya gauni la mteja. Akatoa kamba, akashona kifungo kimoja cha rangi ya fedha, kizuri, kinachong'aa. Alitaka mumewe avae kitu kilichotoka mkononi mwake. Giza lilikuwa linaingia, na hakuna aliyeikagua kanzu.

Asubuhi dereva alikuwa tayari anafunga turubai. Fundi cherehani alisimama kwenye upenyo wa uzio, begi begani, aage kwa macho tu. Sasa alimjua mumewe kwa kile kifungo. Kilimetameta kila alipoinama. Kifaranga mdogo kuliko wote akasogea, akakitazama kwa jicho moja, akakidonoa. Akadonoa tena. Uzi ukakatika.

Kifaranga akameza.

Akanyoosha shingo. Akaanza kurudi nyuma, mdomo wazi, mabawa yakipigapiga maji. Mume akapiga magoti, akamshika, akatazama huku na huku. Msimamizi, mwanamke aliyesomea mifugo, alikuwa upande wa pili wa bwawa, amewapa mgongo. Wenzake wawili hawakuwa wameona. Mkewe akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

— Njooni! Njooni jamani! Anakufa! Nisaidieni, anakufa!

Sauti ile ya mumewe hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote. Vifaranga wengine wakatawanyika kwenye matete. Msimamizi akaja mbio akiruka tope, akamnyakua kifaranga, akamfungua mdomo, akaingiza vidole, akamwinamisha. Alifanya yote yanayofanyika. Kifaranga akalegea mikononi mwake.

Mume alikuwa ameng'oa kitambaa usoni. Alimtazama mkewe kupitia uzio.

— Nimepiga kelele. Umenisikia?

— Nimekusikia, baba.

— Nimepiga kelele na amekufa.

Mkewe akashika matete ya uzio.

— Ni kifungo changu, akasema. — Mimi ndiye niliyekishona. Sema. Niambie na mimi mbele ya watu.

Msimamizi akainua uso, mpishi akasimama na mwiko. Mume akaangalia uzi uliobaki ukining'inia shingoni mwake.

— Ulikuwa unashona tu, mke wangu.

Na mkewe, ambaye alikuwa amejiandaa kwa lolote, hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akakaa chini palepale kwenye tope, akalia kilio ambacho makaburini hakukilia.

Msimamizi aliwaacha kwa muda. Kisha akaja taratibu, kifaranga amemfunga kwenye kanga.

— Bubu, unajua kanuni. Waliobaki wamekusikia.

— Najua, mama.

— Sikufukuzi kwa ubaya.

— Najua.

— Gari halijaondoka, akasema, akageuza uso.

Mume alikuwa na begi dogo tu. Mpishi akamsindikiza hadi garini. Alimshika bega, akarudi jikoni.

Walikaa nyuma, juu ya magunia matupu. Mke hakujua kama amempata mume au amekabidhiwa tu mtu aliyefukuzwa, na hakuthubutu kuuliza. Walipofika barabara kubwa simu yake ikaanza kulia, ujumbe wa kaka yake ukifuatana na mwingine. Akaizima.

— Bibi Mdogo angeliogopa hili gari, mume akasema ghafla.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakimwita binti yao, kwa jinsi alivyopenda kukaripia watu. Tangu msiba hakuna aliyelitamka jina hilo.

— Asingeogopa. Angemgombeza dereva.

— Angemwambia, wewe baba, mbona unaturusharusha?

— Na mkono kiunoni.

— Na mkono kiunoni.

Mume akataka kucheka, kicheko kikageuka kilio njiani. Mkewe akamvuta kichwa, akakilaza mapajani kwake. Hakuwa na dawa ya kumpa, wala yeye hakuwa na ya kumpa mkewe. Gari likaendelea kuwarusharusha, naye mume akaendelea kusimulia habari za mtoto, kwa sauti kubwa ili ishinde injini, na mkewe hakumkatiza.