Sumu ndani ya Tangi la Samaki

Kila asubuhi cherehani ililia katika nyumba ile kabla jua halijapanda. Mama wa nyumba alikuwa fundi wa nguo za wanawake. Alifanyia kazi sebuleni, karibu na dirisha. Wateja walimwita Sindano. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake. Wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi wake.

Upande wa pili wa sebule alikaa Mzee, baba mkwe wake. Zamani Mzee alikuwa mtu wa mizaha. Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Tangu hapo alikaa kitini akiutazama ukuta.

Muuguzi aliyekuja kumfanyisha mazoezi alisema, "Mtafutieni kitu kinachotembeatembea, akitazame. Macho yakiamka, ulimi nao huamka."

Mume wa Sindano alikuwa mwoka mikate. Maneno hayo yalimwingia. Akanunua tangi la kioo, akaliweka mbele ya kiti cha baba yake. Akatandika changarawe, akajaza maji ya bomba, akafunga kichujio. Siku hiyohiyo akamimina samaki. Walikuwamo wadogo wenye mikia mipana kama marinda. Walikuwamo wembamba wenye mstari wa buluu unaong'aa. Walikuwamo samaki dhahabu wawili wanene, na mmoja mwenye milia myeusi.

"Muuzaji amesema wote wanakula chakula kimoja," alisema mwoka mikate. "Basi watapatana."

Mzee aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole.

"Huyo," akasema. "Huyo... mnene."

Mwoka mikate akajishika tumbo. "Unanisema mimi, baba, au samaki?"

Mzee akacheka. Sindano akaacha kushona. Alikuwa ameshaisahau sauti ya kicheko kile.

Wiki ile akaja wifi yake Sindano, dada wa mwoka mikate. Alikuwa mpishi wa shule, na shule zilikuwa zimefungwa. Alikuja kumsaidia baba yake. Alipoliona tangi, akainama akachungulia.

"Kaka, hawa mbona hawajai hata sahani moja?"

"Si wa kula, wifi," alisema Sindano.

"Najua. Nauliza tu."

Ile "nauliza tu" haikumkalia vizuri Sindano. Alijua jambo moja. Wifi alikuwa ametaka Mzee akaishi kwake. Mzee mwenyewe ndiye aliyekataa kuhama, na sasa alikuwa na sababu nzuri zaidi ya kukataa. Hakutaka kuwaacha samaki wake.

Haikupita muda, samaki mmoja wa buluu akaonekana anaelea, tumbo juu. Siku iliyofuata akafa mwingine. Kisha Sindano akaona kwamba mikia ya wale wa marinda imechanwachanwa, kama kitambaa kilichokatwa na mkasi butu. Na kuna samaki waliotoweka kabisa. Hawakufa mbele ya watu, wala mizoga yao haikuonekana.

"Samaki hana miguu," Sindano alimwambia mumewe. "Ametokaje mle?"

"Labda ameliwa na wenzake."

"Au ametolewa na mtu."

Mwoka mikate akamtazama. "Mtu gani?"

Sindano aliinamia kitambaa. Alikata uzi kwa meno.

Tangu siku hiyo akaigeuza cherehani, akakaa akielekea tangi. Mguu ulikanyaga, mikono ilishona, macho yalilinda. Mchana mmoja Mzee alikuwa amesinzia. Sindano akarudi kutoka jikoni akamkuta wifi amesimama kando ya tangi, mkono mmoja umelowa mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa akikunja kipande cha gazeti.

"Unafanya nini, wifi?"

"Nasafisha tu hapa," alisema wifi. Akatoka haraka kuelekea kwenye pipa la taka.

Kikulacho ki nguoni mwako, Sindano aliwaza. Alisogea akanusa maji. Yalikuwa na harufu ya uvundo. Akajiambia: hii ni sumu, sina shaka tena.

Akachukua ndoo. Akawahamishia samaki humo. Akamwaga maji yote ya tangi. Akazisugua changarawe kwa sabuni, akakisugua kioo kwa brashi ya kufulia, akaikamua sponji ya kichujio chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe. Kisha akajaza maji mapya ya bomba, akawarudisha samaki. Maji yaling'aa.

"Sasa aje tena," akasema peke yake.

Kesho yake samaki walikuwa juu ya maji, wanahema kama watu waliokimbia. Wawili wakafa. Sindano akaona sumu imerudiwa. Akasafisha tena kila kitu. Wakafa wengine. Kadiri alivyosafisha ndivyo walivyokufa, na kadiri walivyokufa ndivyo alivyomkata jicho wifi yake.

Jambo likavuka tangi, likafika jikoni. Sindano alianza kuwaza: mtu anayeweza kuwatilia samaki sumu, atashindwa nini? Wifi alipopika uji wa Mzee, Sindano aliuonja kwanza.

Wifi aliona. Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili aliweka mwiko chini.

"Wifi, huyu ni baba yangu mzazi. Uji wake unaonjwa kwa nini?"

"Naangalia sukari."

"Sukari inaangaliwa kwa macho hayo?"

Kutoka siku hiyo mawifi wale walisalimiana kama watu wanaopitana kwenye foleni. Mwoka mikate alikuwa katikati, hajui ashike wapi. Alirudi kutoka kazini, akawapukutishia samaki makombo ya mkate, akaingia chumbani. Mzee aliyasikia yote. Akageuza uso, akarudi kuutazama ukuta. Neno "huyo" halikusikika tena.

Hilo ndilo lililomchoma Sindano. Akaamua kupata ushahidi.

Ghorofa ya juu aliishi mwanamke aliyefanya kazi katika maabara ya idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya mabomba kabla hayajafika kwa watu. Siku yake ya mapumziko Sindano alipanda ngazi, chupa ya maji ya tangi mkononi.

"Dada, nipimie haya. Nataka kujua ni sumu gani, na nani ameitia."

"Chupa itaniambia ni nini," alisema mpima maji. "Ya nani, chupa haisemi. Karibu ukae."

Sindano alikaa, akashangaa. Kumbe jirani naye alikuwa na tangi la samaki. Lake lilikuwa na majani ya kijani, na samaki wachache walioogelea bila haraka.

Mpima maji alichota maji kidogo kwenye kichupa, akatia matone ya dawa, akatikisa. Maji yakabadilika rangi, yakawa ya kijani kibichi kilichokolea. Akakunja uso.

"Sumu ipo, fundi. Tena nyingi."

Sindano akapiga paja. "Nilijua."

"Inaitwa amonia. Ila hakuna mtu aliyeitia. Wameitoa samaki wenyewe."

"Samaki wanajitilia sumu?"

"Samaki anakula, anaenda haja, na choo chake ndiyo maji anayohemea. Chakula kilichobaki nacho kinaoza humohumo. Vyote hivyo vinatoa amonia. Sasa niambie, maji ulibadilisha lini?"

"Jana. Na juzi. Yote. Nimesugua mpaka sponji ikawa nyeupe."

Mpima maji akaacha kutikisa kichupa. "Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni nzuri."

"Lo, fundi. Twende nikaone."

Waliteremka pamoja. Wifi alikuwa sebuleni, na mkoba wake wa safari ulikuwa mlangoni. Mwoka mikate alikuwa akimbembeleza asiondoke. Walipomwona mgeni wakasogea kumpisha.

Mpima maji alimwamkia Mzee, "Shikamoo, baba," kisha akavuta kigoda akakaa mbele ya tangi. Akatazama tu. Nao wakatazama. Punde yule samaki wa milia akachomoka kama mshale, akamng'ata mkia samaki wa marinda, akarudi pembeni.

"Mkasi unaochana mikia ndio huo," alisema mpima maji. "Samaki wa milia ni mchokozi, hasa akiwa peke yake bila wenzake wa aina yake. Mkia mrefu akiuona hawezi kujizuia. Nani anawalisha hawa?"

"Mimi asubuhi," alisema Sindano.

"Mimi makombo nikirudi," alisema mwoka mikate.

Mzee akainua mkono wa kushoto taratibu. Kiganjani alikuwa na kipande cha biskuti.

"Kwa hiyo kila mtu anawapenda," alisema mpima maji. "Samaki tumbo lake ni dogo kama jicho lake. Mpe mara moja kwa siku, kile anachokimaliza mbele yako. Kinachozama chini ni sumu ya kesho."

Kisha akaeleza habari ya sponji. "Ndani ya sponji na kwenye changarawe wanaishi vijidudu wazuri, bakteria. Hawaonekani kwa macho. Kazi yao ni kuigeuza ile amonia iwe kitu kisichodhuru sana. Tangi jipya halina vijidudu hao. Wanahitaji wiki kadhaa wazaliane. Ndiyo maana mtu huanza na samaki wachache, si mfuko mzima. Wewe, fundi, kila walipoanza kuota, uliwaosha kwa sabuni. Tena ukaongeza maji ya bomba, ambayo sisi tunayatia klorini ili kuua vijidudu. Kwa mtu ni salama. Kwa samaki yanaunguza."

Sindano alihisi uso unawaka. "Basi nisisafishe?"

"Safisha kwa kiasi. Kila wiki toa robo ya maji, rudisha robo. Maji mapya yawe yamekaa kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini ipungue. Ila kuna miji inayotumia dawa isiyoondoka hivyo. Kwa hiyo njia ya uhakika ni matone ya kuondoa klorini, yanauzwa kwa wauza samaki. Sponji usiioshe bombani. Isuuze kwenye yale maji uliyoyatoa tangini. Sabuni isikaribie kabisa."

Lakini Sindano alikuwa bado na donge moja.

"Na waliotoweka?" akauliza. Hakumtazama wifi, lakini kila mtu alijua anamuuliza nani.

Wifi akashusha pumzi. "Mimi ndiye niliyewatoa. Walikuwa wamekufa. Baba akisinzia niliwachota, nikawafunga kwenye gazeti. Sikutaka kila akifungua macho akutane na maiti. Ningekwambia, wifi. Lakini ulivyonitazama, ningesema nini ukaamini?"

Sindano alivua kastabini, kile kikofia cha kushonea, kidoleni. Alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akauinua ule mkoba.

"Wifi, nimekuonea. Nilikudhania ubaya, na mwenye kuwaua ni mimi kwa mikono yangu. Nakuomba radhi mbele ya baba na mbele ya kaka yako. Mkoba huu naurudisha chumbani, kama utaniruhusu."

Wifi alimtazama kidogo. "Rudisha. Lakini uji uache kuuonja. Umeanza kunenepa bure."

Mwoka mikate ndiye aliyeanza kucheka.

Kazi ikaanza siku ileile. Wakabadilisha robo ya maji, kwa matone, na wakawa wanafanya hivyo mara kwa mara mpaka amonia iliposhuka. Samaki wa milia alirudishwa kwa muuzaji. Samaki dhahabu wawili walipelekwa kwenye bwawa la bustani ya hospitali, kwa sababu mpima maji alisema wanakua wakubwa, wanachafua sana, tena wanapenda maji ya baridi kuliko wenzao. Wa buluu walikuwa wamekwisha kufa wote; wakabaki watatu tu wa marinda. Mpima maji akawakatia kipande cha sponji kuukuu ya tangi lake, akakipachika kwenye kichujio chao. "Hiyo ni mbegu ya vijidudu," alisema. Akawapa na majani ya kupanda.

Kulisha kukawa kazi ya Mzee peke yake. Muuguzi aliunga mkono. Kwanza Mzee alimwaga ovyo kwa mkono wa kushoto. Baadaye alifinya chembe chache kwa vidole viwili, akazidondosha moja moja. Baadaye tena akaanza kujaribu kwa mkono wa kulia.

Wakangoja. Hilo lilikuwa gumu kwa Sindano kuliko kusugua. Maji yakapimwa tena na tena. Siku dawa ilipobaki ya manjano, mpima maji akasema, "Amonia hakuna. Vijidudu wameshika kazi." Hapo ndipo waliponunua kikundi kidogo cha samaki wa buluu, maana hao huogopa wakiwa wachache. Waliuacha mfuko uelee juu ya maji kwanza, joto lilingane, ndipo wakawaachia. Hakufa hata mmoja.

Shule zikafunguliwa, wifi akarudi kwake. Waliagana na Sindano kwa kukumbatiana.

Asubuhi moja, baada ya hapo, Sindano alitazama tangi akaona samaki mmoja wa marinda hayupo. Damu ikamchemka. Nani amemtoa? Tayari alikuwa amegeuka kumtazama mumewe. Kisha akajizuia. Akavuta kigoda, akakaa, akatazama.

"Ngoja," alisema Mzee kutoka kitini. Alinyoosha kidole nyuma ya majani.

Sindano akainama. Samaki yule alikuwa amejificha humo. Na kati ya majani kulikuwa na vitu vidogo mno, macho na mkia tu, vinachezacheza.

Akachukua simu.

"Wifi, samaki mmoja alipotea leo."

"Unaniuliza mimi?"

"Nakupa habari. Amezaa."

Wifi alicheka mpaka akakohoa. Mzee akanyoosha mkono akiitaka simu. Sindano akamshikia sikioni.

"Mwanangu," alisema Mzee, polepole lakini bila kukwama, "njoo uwaone kabla hawajakua."