Tiki za Sista Janeth

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ila mwenzako ameshanichoma sasa hivi."

Loyce, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, alibaki amesimama na insulini mkononi. Ilikuwa saa sita mchana, chakula bado hakijaja, na wodini hapakuwa na muuguzi mwingine ila Sista Janeth, aliyekuwa mezani akijaza kadi za dawa. Loyce akamfunua Mzee Alute wa Mungaa tumbo. Tundu bichi, na tone la damu. Harufu ya marashi makali ikampanda puani.

"Nani amekuchoma, babu?"

"Mwanamke mrefu. Hana hata salamu."

Loyce akaangalia kadi ya mzee. Tiki ya mchana ipo. Ya jioni ipo. Ya kesho asubuhi, jamani, nayo ipo! Ndiyo kazi ya Janeth hiyo: anatia tiki zote kwa mkupuo ili awahi kutoka, dawa zenyewe zitajijua. Loyce alikuwa amelilalamikia hilo wiki nzima, akaambiwa wanafunzi wa siku hizi wana midomo.

"Sista, mzee umempa dozi yake?"

"Bado. Mchome."

"Sasa nani amemtoboa?"

Kabla hajajibiwa, mzee akaanza kutetemeka, jasho likimtoka chapachapa. Loyce akampima sukari: mbili nukta moja, imeshuka mno. Akakimbilia glukosi, akaiunganisha kwenye mshipa, na alipoinua macho aliona pazia la kitanda limetuna kwa mtu aliyesimama nyuma yake, na chini ya pazia hapakuwa na miguu, na sauti nyororo ikawa inasoma polepole, "Insulini, jioni, imeshatolewa," huku mkono mrefu mweupe ukipenya na sindano nyingine, ukishuka taratibu kwenye tumbo la mzee ambaye sukari yake haikuwa na pa kushuka tena.

"Sista, jini hili linatoa kila dawa uliyoitia tiki," Loyce alinong'ona. Akanyakua kalamu, akaikata tiki ya jioni. Mstari wake ukafutika mbele ya macho yake. "Kata wewe, sista! Uliyeandika ni wewe!"

Janeth naye alikuwa ameuona mkono, lakini kiburi nacho! "Nikate kadi mbele ya mwanafunzi? Mkaguzi akiona je?"

"Mzee anakufa, mshenzi wewe!"

Loyce akasahau woga. Akamkamata Janeth mkono, akaubana kwenye kalamu, akauburuza juu ya kadi hadi karatasi ikachanika. Mkono mweupe ukasita, ukarudi nyuma ya pazia. Dakika kumi baadaye Mzee Alute alifumbua macho, akaomba uji.

"Nitakuripoti chuoni kwenu," Janeth alisema huku analia.

"Niripoti."

Pazia la kitanda cha pili lilikuwa limeanza kutuna. Loyce akamsukumia rundo la kadi kifuani.

"Zimebaki ishirini na tatu, sista. Shika kalamu."