Kijiko cha Kila Nyumba

Kila jioni, jua likipoa, Wening na rafiki yake Giyanti walipita mtaani na ndoo kukusanya mchele. Katika mtaa wao, huko Java, kila nyumba ilitundika kikopo mlangoni, ndani yake kijiko kimoja cha mchele kwa ajili ya jirani aliyepungukiwa.

Wiki hiyo vikopo vilikuwa vitupu.

"Hamna habari? Mchele wa serikali umeshafika," alisema jirani yao Mama Lasmi huku akikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. "Na kiwanda cha sukari nacho kimeahidi kutoa. Sisi akina yakhe tuchote tena wa nini?"

"Afadhali," Giyanti alinong'ona. "Twende zetu tukacheze."

Wening hakubisha. Siku mbili zilizofuata hawakupita nyumba hata moja.

Jumatano mama yake alimtuma ampelekee Bibi Tukinem majani ya mgomba. Bibi huyo aliishi peke yake karibu na mfereji. Alikuwa akichochea moto. Wening akachungulia chunguni: maji na matembele tu.

"Bibi, mbona hakuna wali?"

"Leo nimefunga, mjukuu wangu."

"Lakini watu hufunga Jumatatu na Alhamisi. Leo Jumatano!"

"Lo! Maswali kama polisi." Bibi alicheka, akafunika chungu.

"Si ulipata mchele wa serikali?"

"Jina langu halimo. Kwenye karatasi zao bado naishi na mwanangu mwenye mshahara. Huu mwaka wa pili tangu nimzike."

Wening aliona aibu hadi machozi yakamlenga. Alikimbia moja kwa moja hadi kwa Mzee Darsono, mwenyekiti wa mtaa.

"Mzee, Bibi Tukinem ana njaa. Na sisi hatujapita na ndoo tangu juzi. Tulikuwa tunacheza."

Mzee Darsono alishika kichwa. "Umefanya vizuri kusema. Lakini kosa si lenu peke yenu. Mimi nilidhani serikali imemwandika. Kiwanda kinasubiri orodha ya serikali, majirani wanasubiri kiwanda, na bibi wa watu anatusubiri sisi sote!"

Jioni hiyo alipita na Wening na Giyanti nyumba kwa nyumba. Mama Lasmi alimimina vijiko vitatu, akaongeza na tempe. Kesho yake Mzee Darsono alimpeleka Bibi ofisini. Hakuondoka mpaka jina lilipoandikwa, ingawa mchele ungeanza kutoka mwezi ujao.

"Basi mwezi ujao tutapumzika?" Giyanti aliuliza.

"Thubutu!" Mzee alicheka, kisha akawatazama kwa upole. "Serikali ina wajibu wake, na tutaidai, maana umaskini wa nchi nzima haumalizwi kwa kijiko. Matajiri nao wana wajibu wao. Lakini hao wanamjua Bibi kwa karatasi, wanangu. Ninyi mnamjua kwa sura. Mwenzako akitoa, na wewe toa. Na kabla hujasema jirani ameshasaidiwa, nenda kwanza ukamwone."