Usipige Hodi

Ujumbe uliingia mshonaji akiwa amesimama mlangoni kwake, ghorofa ya nne, mkono juu ya kitasa: "Tumefika. Hukuwepo."

Alikuwepo. Tangu asubuhi hakutoka, kwa kuwa mama mkwe wake alilala kifua kikimkoroma, na kifurushi kilichosubiriwa kilikuwa na dawa yake ya pumu. Ya zamani ilikuwa imebaki ya kuvuta mara chache tu.

Akampigia dereva.

"Kaka, umefika wapi? Nimesimama hapa hapa."

"Nilipiga hodi, dada. Kimya."

"Ulimpigia nani hodi, lango la chini?"

"Lifti yenu imekufa, dada. Na mimi miguu sikuazima."

Mshonaji akapandwa na hasira. "Basi nisikilize. Ukirudi, usipige hodi. Mlango uko wazi. Ingia tu, na usiondoke mpaka nikuone kwa macho yangu."

"Sawa," sauti ikajibu, taratibu, kama ya mtu aliyengoja sana kuambiwa hivyo.

Alipotazama simu, ilikuwa imezima. Chaji ilikwisha kitambo.

Akaichomeka ukutani, akarudi kwenye cherehani. Mara harufu ya udongo uliolowa ikajaa chumbani, na mvua haikuwa imenyesha.

"Nani kaingia?" mama mkwe akauliza kutoka kitandani.

"Hakuna mtu, mama."

"Sijasikia hodi. Lakini kuna mtu amekaa miguuni pangu. Godoro limebonyea."

Mshonaji akatazama. Godoro lilikuwa limebonyea.

Akasimulia kwa mnong'ono alichosema kwenye simu. Bibi kizee akavuta pumzi kwa shida.

"Ulimwambia asiondoke mpaka umwone?"

"Kwa macho yangu, mama. Nilidhani ni dereva."

"Mwanangu," akasema, "hao hawaonekani."

"Nenda zako," mshonaji akakiambia kile kibonyeo cha godoro. "Nimekuona. Tafadhali, nimekuona."

"Mwongo," ile sauti ikasema, bila ukali.

Hapo ndipo viatu viliposikika kwenye ngazi, viatu vizito vya mtu anayehema na kulaani kila ghorofa, vikapanda, vikapanda, vikasimama nje ya mlango, na dereva akaita kwa sauti ya kuchoka, "Hodi! Hodi wenyewe!", na mshonaji akarukia kitasa ambacho hakikuzunguka, akapiga mlango kwa viganja ambavyo havikutoa mlio, akaita karibu, karibu kaka, tupo, mpaka koo likawaka, na mama mkwe akajaribu kuita naye lakini pumzi aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuishi tu, si ya kuitia mtu.

Nje, dereva alikuwa akizungumza na simu.

"Bosi, leo nimepanda kweli, usinicheke. Mlango uko wazi kabisa. Nimechungulia mpaka ndani." Akasikiliza. "Hapana. Hakuna cherehani, hakuna kitanda. Hapa hajakaa mtu miaka."

Viatu vikaanza kushuka, na dawa pamoja navyo.

Godoro likainuka pole pole. Kikabonyea kiti cha cherehani. Ukutani, simu ikawaka: "Tumefika. Hukuwepo."